KUJIUA AU KUUAWA?
Jinsi Wachunguzi Wanavyoutafuta Ukweli wa Kifo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu anapokutwa amekufa, na hakuna aliyeona alivyokufa, watu huuliza kwanza: nani kamuua? Na wengine hujibu kabla ya swali kwisha: amejiua mwenyewe. Maneno haya mawili, kujiua na kuuawa, yanakaribiana kwa matamshi, lakini kwa maana yako mbali kama mbingu na nchi. Likisemwa la kwanza, ndugu wa marehemu hubaki na huzuni, na mara nyingi na aibu wasiyostahili. Likisemwa la pili, hutafutwa mtu wa kushtakiwa, na mtu huyo aweza kumaliza maisha yake gerezani. Kwa hiyo anayekosea kati ya maneno haya mawili hudhulumu kwa vyovyote: ama humwachia muuaji, ama humfunga asiye na hatia, ama huipaka matope nyumba iliyokwisha kufiwa.

Muhula huu Chama chetu cha Sayansi kimekuwa kikijifunza jinsi elimu ya viumbe, ya kemia na ya fizikia inavyotumika katika mahakama. Mimi nilipewa sehemu hii, na Mhariri amenikubalia kuieleza hapa. Nitajaribu kwenda hatua kwa hatua, ili hata wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wapate kufuata. Sitaeleza njia ambazo watu hutumia kujidhuru, maana hilo si somo langu wala halimfai mtu. Somo langu ni hili: mchunguzi hujuaje?

Yafaa tuanze kwa kujua kwamba madaktari huvigawa vifo katika mafungu matano. La kwanza ni kifo cha maradhi au uzee. La pili ni ajali. La tatu ni kujiua. La nne ni kuuawa na mtu mwingine. La tano ni kifo ambacho namna yake haikujulikana. Fungu hili la tano wengi hulisahau, nalo lina heshima yake. Daktari mwaminifu asiyeweza kujua huandika kwamba hakujua, wala hachagui jibu ili kuwapendeza watu waliosimama mlangoni.

Tena tutofautishe sababu ya kifo na namna ya kifo. Daktari akisema, "Mtu huyu amekufa kwa sababu mapafu yake yalijaa maji," ametaja sababu tu. Hajatuambia kama marehemu aliteleza, alijitupa au alisukumwa. Mwili peke yake huonyesha sababu mara nyingi. Namna yake hupatikana kwa kuuweka mwili, mahali, na maisha ya marehemu pamoja. Ni kama hesabu yenye herufi tatu tusizozijua: mlinganyo mmoja hautoshi.

MAHALI PALIPOTOKEA KIFO

Kanuni ya kwanza ya wapelelezi ni kwamba kila kifo kisichoeleweka kichunguzwe kama kwamba huenda ni mauaji, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Sababu yake ni rahisi. Ukidhani mauaji, ukapalinda mahali na kukusanya kila kitu, kisha ikaonekana marehemu alijiua, hukupoteza ila jasho lako. Lakini ukidhani amejiua, ukaacha watu wakanyage na kufagia, kisha ikaonekana ameuawa, ushahidi umekwisha kwenda na ufagio.

Mfaransa mmoja, Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba mtu hawezi kugusana na kitu pasipo kuacha alama yake na kuchukua alama ya kile alichokigusa. Mtu akipanda ukuta wenye chokaa, chokaa humshika nguoni, na uzi wa nguo yake hubaki ukutani. Basi mchunguzi huuliza maswali mawili. Je, hapa pana alama za mtu mwingine asiye marehemu? Na je, marehemu mwenyewe ana alama ambazo lazima angekuwa nazo kama kweli alifanya haya kwa mkono wake? Swali la pili ndilo linalosahauliwa, nasi tutaona nguvu yake mbele.

Mfano mmoja mashuhuri ulitokea Necochea, katika nchi ya Argentina, mwaka 1892. Mama mmoja aliyeitwa Francisca Rojas alikutwa na jeraha shingoni, na watoto wake wawili wameuawa. Alisema jirani yake ndiye aliyewavamia. Jirani alikamatwa, naye alikana katakata. Mpelelezi aliyetumwa, Eduardo Álvarez, aliona mlangoni alama ya kidole gumba yenye damu. Akakikata kipande kile cha mbao akakichukua, maana alikuwa amefundishwa elimu ya alama za vidole na Juan Vucetich. Alama ile haikuwa ya jirani. Ilikuwa ya mama mwenyewe, naye alipoonyeshwa alikiri kwamba aliwaua watoto na jeraha lake alijitia. Kesi hiyo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza duniani ambazo alama ya kidole ilimfichua muuaji. Ilimwokoa pia jirani, jambo ambalo kwangu si dogo kuliko lile la kwanza.

MWILI UNAVYOSHUHUDIA

Daktari mpasuaji huanza na mambo matatu yanayotokea katika kila mwili baada ya moyo kusimama.

Kwanza, mwili hupoa. Mtu mzima mwenye afya ana joto la nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Akifa, joto hushuka kidogo kidogo mpaka lilingane na la hewa iliyouzunguka. Katika nchi za baridi kipimo hiki husaidia sana kukisia saa ya kufa. Katika nchi ya joto, ambako hewa ya mchana yaweza kukaribia joto la mwili, hakitegemewi sana.

Pili, misuli hukakamaa. Ukakamavu huanza baada ya saa chache, huenea mwili mzima, halafu hulegea tena baada ya siku moja au mbili. Joto huharakisha na baridi hukawiza.

Tatu, damu hushuka. Moyo ukiacha kusukuma, damu huvutwa na uzito wake hadi sehemu za mwili zilizo chini, kama matope yanavyotua chini ya mtungi. Ngozi ya sehemu hizo hugeuka rangi ya zambarau. Baada ya saa nane mpaka kumi na mbili hivi, rangi hiyo hukaa palepale hata mwili ukigeuzwa. Hapo ndipo muujiza wa jambo hili jepesi unapoonekana. Marehemu akikutwa amelala kifudifudi, na rangi ile iko mgongoni, basi tunajua kwa hakika kwamba alikaa chali kwa muda mrefu baada ya kufa, kisha akageuzwa. Maiti haijigeuzi. Aliyeigeuza ni nani, na kwa nini hakusema? Pengine ni ndugu aliyeshikwa na huruma. Pengine ni mtu mwenye jambo la kuficha. Lakini swali limekwisha kuzaliwa.

Baada ya hayo huja majeraha. Mtu aliye hai akiumizwa, moyo wake bado unasukuma, na damu huvilia ndani ya nyama iliyozunguka jeraha. Mtu aliyekwisha kufa akiumizwa, damu haina msukumo, na jeraha hubaki jeupe au lenye damu kidogo tu. Kwa njia hii daktari huweza kutenga majeraha yaliyoua na yale yaliyoongezwa baadaye ili kudanganya. Tena huangalia mikono. Mtu anayeshambuliwa hukinga uso na kifua kwa mikono yake, kama sote tunavyofanya mpira unapotujia ghafula. Majeraha ya viganjani na nyuma ya mkono wa chini husema kwamba palikuwa na wawili, mmoja akipiga na mwingine akijikinga. Chini ya kucha huenda pamebaki ngozi ya mshambuliaji, na siku hizi chembe ndogo tu yatosha kwa uchunguzi wa DNA.

Kwa silaha ya moto mambo ni ya fizikia. Risasi hutoka pamoja na moshi, masizi na punje za baruti zisizoungua. Vitu hivi ni vyepesi, haviendi mbali. Bunduki ikiwa karibu sana, masizi na punje huonekana kwenye ngozi au nguo. Ikiwa mbali, hubaki tundu tu. Sasa mkono wa mtu una urefu wake usiozidi. Daktari akiona kwamba silaha ilikuwa mbali kuliko mkono wa marehemu unavyoweza kufika, hoja ya kujiua huanguka yenyewe.

MOTO NA MAJI

Waovu wengi wamejaribu kuficha mauaji kwa moto au kwa maji, wakidhani kwamba vitu hivi viwili hufuta kila kitu. Wachina walikwisha kulijibu jambo hili zamani sana. Inasimuliwa habari ya hakimu mmoja wa kale aitwaye Zhang Ju. Mwanamke alidai kwamba mumewe ameungua ndani ya nyumba. Hakimu aliagiza waletwe nguruwe wawili, mmoja akachinjwa kwanza, kisha wote wawili wakatiwa motoni. Yule aliyeungua hali yu hai alikutwa na majivu kinywani. Yule aliyekufa kabla hakuwa nayo. Kinywa cha marehemu kilipotazamwa, kilikuwa safi. Mwaka 1247 hakimu mwingine wa China, Song Ci, aliandika kitabu cha kuwaongoza mahakimu katika kuchunguza maiti, na jambo hilihili la majivu ya kinywani na puani limo.

Leo tunajua sababu yake. Aliye hai huvuta pumzi, na pumzi huvuta masizi hadi kwenye koo na mapafu. Tena moshi una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Gesi hiyo ikipatikana kwa wingi katika damu ya aliyeungua, alikuwa akipumua moto ulipowaka. Isipopatikana kabisa, na koo ikawa safi, yaelekea moto ulimkuta amekwisha kufa.

Kwa maji kuna vijimea vidogo mno, vionekanavyo kwa hadubini tu, viitwavyo daiatomu. Vina magamba magumu kama ya kioo. Mtu akizama hali yu hai, maji huingia mapafuni, vijimea hupenya katika damu, na moyo ambao bado unapiga huvipeleka hata kwenye uboho wa mifupa. Aliyetupwa majini akiwa amekufa hana moyo wa kuvisukuma. Wataalamu hawaafikiani wote juu ya uthabiti wa kipimo hiki, kwa hiyo hakitumiwi peke yake, ila huwekwa pamoja na dalili nyingine.

Wasomaji wataona kwamba hoja zote hizi zina mzizi mmoja: mwili ulio hai hufanya kazi, na mwili uliokufa haufanyi. Mwalimu wetu wa Biolojia hutuambia kwamba anayeijua vizuri sura ya mzunguko wa damu na ile ya kupumua amekwisha kujua nusu ya kazi ya daktari mpasuaji.

MAISHA YA MAREHEMU

Sehemu ya tatu ni maisha yenyewe. Mwaka 1958 kilifunguliwa kituo mjini Los Angeles, Marekani, cha kuzuia watu wasijiue. Edwin Shneidman na wenzake wa kituo hicho waliombwa na ofisi iliyochunguza vifo mjini humo iwasaidie katika vifo visivyoeleweka. Walikwenda kuongea na mke, mume, rafiki na mwajiri, wakauliza kwa upole: alilala vipi siku zake za mwisho? Alikuwa na mipango gani? Alipata ugonjwa, hasara au msiba? Kwa njia hiyo walipata picha ya moyo wa marehemu kama daktari anavyopata picha ya mwili wake.

Lakini hapa pana hatari, na lazima nionye. Mtu mwenye huzuni aweza kuuawa. Mtu aliyecheka jana aweza kuwa alikuwa akificha uchungu mkubwa. Wengi waliojiua hawakuacha barua yoyote, na barua iliyopatikana huenda imeandikwa na mkono mwingine, ndiyo maana wataalamu wa mwandiko huitwa. Basi habari za maisha husaidia kuelewa ushahidi wa mwili na wa mahali, hazichukui nafasi yake.

MIFANO MIWILI

Sasa tutazame mambo haya yalivyofanya kazi katika vifo viwili vinavyojulikana.

Asubuhi ya tarehe 18 Juni 1982, mwili wa Roberto Calvi, mkuu wa benki ya Banco Ambrosiano ya Italia, ulikutwa ukining'inia kwenye jukwaa la mafundi chini ya daraja la Blackfriars, mjini London. Mifukoni mlikuwa na vipande vya matofali na fedha nyingi za nchi mbalimbali. Benki yake ilikuwa ikianguka, naye alikuwa amekimbia kwao. Ukitazama maisha yake tu, ungesema amekata tamaa. Ndivyo ilivyosemwa mwezi wa Julai mwaka uleule: baraza la uchunguzi liliamua kwamba amejiua. Familia yake haikukubali. Mwaka 1983 baraza la pili liliketi, likasema namna ya kifo haikuweza kujulikana. Hilo ndilo fungu la tano nililolitaja.

Familia haikuchoka. Wataalamu waliuliza lile swali la pili la Locard: kama mtu huyu alitembea mwenyewe juu ya mabomba yale yenye kutu, ziko wapi alama za kutu katika viatu vyake? Hazikupatikana. Kama aliyashika matofali akayatia mifukoni, iko wapi alama yake mikononi? Haikupatikana. Mwaka 1998 mwili ulifukuliwa, na mwaka 2002 wataalamu wa Kijerumani walioongozwa na Bernd Brinkmann walitoa taarifa kwamba majeraha ya shingo hayakupatana na hoja ya kujinyonga, na kwamba aliuawa. Watu watano walishtakiwa mjini Roma, na mwaka 2007 wote waliachiliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Hapa tunajifunza kwamba kujua kuwa mtu ameuawa ni jambo moja, na kumjua aliyemuua ni jambo jingine. Miaka ishirini iliyopotea baina ya mauti na taarifa ile haikurudishwa na maabara yoyote.

Mfano wa pili ni wa kwetu Kenya. Mwezi wa Februari 1990 Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulipatikana chini ya kilima cha Got Alila, kilomita chache tu kutoka hapo. Alikuwa amepigwa risasi kichwani, mwili umeunguzwa, na mguu umevunjika. Hapo mwanzo yalisemwa maneno ya kwamba amejiua. Msomaji aliyefuata somo letu mpaka hapa aweza kujiuliza mwenyewe. Aliyekwisha kupigwa risasi kichwani angewezaje kuwasha moto? Aliyekwisha kuwaka moto angewezaje kulenga silaha? Na mguu ulivunjwa na nini? Wapelelezi wa Scotland Yard wakiongozwa na John Troon waliitwa kutoka Uingereza, pamoja na daktari mpasuaji Iain West, nao walifikia uamuzi kwamba Waziri aliuawa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Evans Gicheru ilianza kusikiliza mashahidi mwaka 1990, na mwezi wa Novemba 1991 ilivunjwa kabla ya kumaliza kazi yake. Mpaka leo hakuna mtu aliyepatikana na hatia ya kifo kile. Sayansi ilisema ilichopaswa kusema; yaliyobaki yalikuwa kazi ya watu.

JAMBO LINALOTUHUSU SISI

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya ni ya mawaziri na wenye mabenki, sisi watu wa kawaida yatufae nini? Nitajibu kwa jambo nililoliona.

Miaka michache iliyopita, kijijini kwetu, mzee mmoja alikutwa amekufa kando ya bwawa asubuhi na mapema. Kabla askari polisi hawajafika, watu walikuwa wamembeba hadi nyumbani, wamemvua nguo zilizolowa, wamemwosha na kumfunika shuka safi. Walifanya hivyo kwa heshima, maana kwetu si vizuri mzee kulazwa matopeni. Bwawani walikwenda watu wote kutazama, na ng'ombe walinyweshwa palepale kama siku zote. Polisi walipofika hapakuwa na unyayo hata mmoja wa kupima. Daktari alisema kwamba alikufa majini, lakini namna yake hakuweza kuijua.

Wanakijiji wakajaza pengo lile kwa maneno. Wengine walisema alijiua kwa ajili ya madeni, nao hawakutaka azikwe pamoja na wazee wenzake. Wengine walisema mkewe anajua zaidi ya anavyosema. Haukupita mwezi, mama yule akawachukua watoto wake watatu akarudi kwao. Mwanawe wa kwanza tulikaa dawati moja katika shule ya msingi, sikumwona tena. Labda mzee yule aliteleza tu. Udongo wa bwawa lile ni wa utelezi, na mvua ilinyesha usiku ule. Unyayo mmoja tu wa kuteleza ungaliweza kumwacha mama yule nyumbani kwake na rafiki yangu darasani.

Kwa hiyo kila raia ana sehemu yake katika kazi hii. Tukikuta mtu ameanguka, kwanza tuhakikishe kama yu hai, maana kuokoa uhai hutangulia mambo yote. Ikiwa ni wazi kwamba amekufa, tusimguse wala kumhamisha. Tuwazuie watu wasikaribie, tusiokote kitu, tusifagie, tusifunge dirisha lililokuwa wazi. Tupeleke habari upesi kwa mzee wa mtaa, chifu au kituo cha polisi. Sheria ya Kenya ya mashtaka ya jinai, katika kifungu cha 386, humwagiza mkuu wa kituo aende mahali ulipo mwili akachunguze na kumpasha habari hakimu. Na kifungu cha 387 humpa hakimu mamlaka ya kuchunguza sababu ya kifo. Familia isiyoridhika ina haki ya kuuliza, kama ile ya Calvi ilivyouliza. Wala tusinong'one jina la mtu mpaka uchunguzi umekwisha. Ulimi hauna mfupa, lakini umewahi kuhamisha watu.

Jambo la mwisho nataka kulisema kwa uzito. Katika somo hili nimetaja kujiua mara nyingi kama fungu moja la vifo, lakini kila kifo cha namna hiyo ni cha mtu aliyekuwa katika maumivu. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji tabibu na ndugu, si pingu. Nasi tunaoishi pamoja mabwenini twaona mengi ambayo walimu hawayaoni. Mwenzako akiacha kula, akigawa vitu vyake, au akisema kwamba hana haja ya kuishi, usimcheke wala usimwambie ajikaze. Muulize waziwazi kama anafikiri kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humfungulia mlango. Kaa naye, usimwache peke yake, na upeleke habari kwa mwalimu wa malezi, matroni au mzazi, hata kama amekuomba uifanye siri. Siri ya namna hiyo si ya kutunzwa. Na wewe mwenyewe unayesoma haya, kama mzigo ni wako, mwambie mtu leo.

Kwa ajili ya ndugu zetu wa vidato vya chini, naacha maswali matatu ya kujipima. La kwanza: kuna tofauti gani kati ya sababu ya kifo na namna ya kifo? La pili: maiti imekutwa kifudifudi na rangi ya damu iko mgongoni, unajua nini, na nini hujui bado? La tatu: kwa nini viatu visivyo na kutu vilikuwa ushahidi mkubwa kuliko fedha zilizokuwa mifukoni? Atakayeyajibu vizuri na alete majibu yake katika Chama cha Sayansi siku ya Jumatano baada ya michezo, tutayazungumza pamoja.